Kwa nini tarakimu za 142857 huzunguka bila kuvunja mpangilio wake

Msomaji wa Tanga ameandika hivi: "Shikamoo Mwalimu. Sisi ni majirani watatu tuliochangia mtaji wa kununua mashine ya kukoboa mahindi. Mimi nina hisa moja, wa pili ana hisa mbili, na wa tatu ana hisa nne. Mwisho wa mwaka tuligawana faida ya shilingi 1,000,000. Kikokotoo cha simu kilinipa mimi 142,857, wa pili 285,714, na wa tatu 571,428. Nilipoziandika kwenye daftari niliona kuwa tarakimu ni zilezile sita, tena zimefuatana vilevile, ila kila namba inaanzia mahali pake. Je, imetokea tu? Jamaa mmoja ameniambia kuwa hii ni namba ya siri, na anayeijua hushinda michezo ya kubahatisha. Je, ipo nyingine kama hii? Tena tukijumlisha mafungu yetu tunapata 999,999. Ile shilingi moja imekwenda wapi?"

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza maswali kadhaa, na la mwisho, ambalo huenda uliliona dogo kuliko yote, ndilo lililobeba majibu ya mengine. Kwa hiyo nitaanza na shilingi iliyobaki.

Hisa zenu ni saba kwa jumla, na 142,857 ikizidishwa kwa 7 ni 999,999. Shilingi moja haikupotea wala simu haikukosea. Ni baki la kugawanya milioni moja kwa saba. Ili uone umuhimu wake, tuseme faida yenu ingekuwa shilingi 10 tu. Kila hisa ingepata shilingi 1 na zingebaki 3. Ingekuwa shilingi 100, kila hisa ingepata 14 na zingebaki 2. Kwa shilingi 1,000, kila hisa ni 142 na baki ni 6. Kwa 10,000 ni 1,428 na baki ni 4. Kwa 100,000 ni 14,285 na baki ni 5. Na kwa 1,000,000, kama mlivyopata, ni 142,857 na baki ni 1. Ukitaka kuendelea hadi milioni kumi, huna kazi mpya ya kufanya, kwa sababu ile shilingi moja iliyobaki, ikizidishwa kwa kumi, inakuwa shilingi kumi zilezile tulizoanza nazo, na hesabu yote inajirudia hatua kwa hatua. Ndiyo maana moja ya saba, ambayo wazee wetu waliiita subui, huandikwa kwa desimali kuwa 0.142857142857 na kuendelea hivyo bila mwisho.

Sasa naomba uache kwanza kuzitazama tarakimu na utazame mabaki. Yamefuatana hivi: 1, kisha 3, 2, 6, 4, 5, halafu 1 tena. Kila baki linazaa lijalo kwa kanuni moja tu: lizidishe kwa kumi, ligawanye kwa saba, chukua kinachobaki. Yapange mabaki hayo sita katika mduara kama saa ya ukutani, na katikati ya kila mawili andika tarakimu iliyotokea wakati wa kugawanya. Kutoka 1 kwenda 3 unapata tarakimu 1, kwa kuwa kumi ina saba moja. Kutoka 3 kwenda 2 unapata 4, kwa kuwa thelathini ina saba nne. Kisha 2, 8, 5, na 7, ambayo inakurudisha kwenye 1. Namba yako ni ule mzunguko mzima ukiusoma kwa kuanzia kwenye baki la 1.

Jirani yako mwenye hisa mbili hagawi moja kwa saba, bali mbili kwa saba. Yeye hatengenezi mduara mwingine. Anaingia katika mduara uleule kupitia mlango wa 2. Ishirini ina saba mbili na baki ni 6. Sitini ina saba nane na baki ni 4. Arobaini ina saba tano na baki ni 5. Hamsini ina saba saba na baki ni 1. Na baada ya hapo anapita pale ulipopita wewe, akiokota 1 na 4, hadi anarudi kwenye 2 yake. Amesoma 285714. Mwenye hisa nne ameingia kupitia mlango wa 4 akasoma 571428. Kama angekuwapo mwenye hisa tatu angesoma 428571, mwenye tano 714285, na mwenye sita 857142. Milango ni sita, na hakuna mwingine. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba jambo hili halikutokea kwa nasibu: nyote watatu mmetembea njia moja, mkatofautiana mahali pa kuanzia tu.

Ukizidisha 142857 kwa saba mzunguko unakatika na kuwa 999999, na watu wengi huona hapo kama namba imechoka. Kwa kweli hapo ndipo inapojieleza vizuri kuliko pengine popote. Saba ya saba ni kitu kizima, na kitu kizima hakina baki la kuingilia mduarani. Wala usishangae kwamba jibu ni tisa sita badala ya 1,000,000, maana tumekwisha kuona kuwa shilingi moja imebaki nje.

Mwanafunzi makini angeniuliza hapa: je, ilikuwa lazima mabaki yote sita yakae katika mduara mmoja? Hapana, na hili ndilo linaloifanya saba istahili maelezo marefu. Kitu kilicho lazima ni kidogo zaidi. Saba haimo katika kumi, wala katika mia, wala katika kipeo chochote cha kumi, kwa sababu vigawo tasa vya kumi, yaani vile visivyogawanyika ila kwa 1 na kwa vyenyewe, ni 2 na 5 pekee. Kwa hiyo baki haliwezi kamwe kuwa sifuri, na yanayowezekana ni sita tu. Baki moja lazima lijirudie ndani ya hatua sita, lakini lingeweza kujirudia mapema.

Mfano mzuri wa kujirudia mapema ni 13. Mabaki yanayowezekana ukigawanya kwa 13 ni kumi na mawili, lakini ukianza na 1 unapata 1, 10, 9, 12, 3, 4, kisha unarudi kwenye 1 huku nusu ya mabaki hujayagusa. Hayo yaliyobaki, yaani 2, 7, 5, 11, 6 na 8, yana mduara wao wenyewe. Kwa sababu hiyo moja ya kumi na tatu ni 0.076923 ikijirudia, na mbili ya kumi na tatu ni 0.153846 ikijirudia, ambazo ni namba mbili zisizogeuzana. Kumi na moja imegawanyika zaidi, kwani mabaki yake kumi yamekaa wawiliwawili katika miduara mitano, na ndiyo maana moja ya kumi na moja ni 0.0909. Tatu ina mabaki mawili, na kila moja linajizunguka lenyewe: theluthi ni 0.333 na theluthi mbili ni 0.666. Saba ndiyo namba tasa ndogo kuliko zote ambayo kwa hesabu ya kumi huyakusanya mabaki yake yote katika mduara mmoja.

Hata hivyo kuna kanuni inayofunga miduara yote hiyo. Kwa namba tasa yoyote isipokuwa 2 na 5, miduara yake yote ina ukubwa ulio sawa, na kwa hiyo ukubwa huo lazima ugawe bila baki idadi ya mabaki yote. Kwa 13 ni miduara miwili ya sita sita, kwa 41 ni miduara minane ya watano watano, na kwa 7 ni mmoja wa sita. Kutokana na hilo, ukichukua namba tasa p iliyo nje ya 2 na 5, ukaandika tarakimu 9 mara p toa 1, namba utakayopata itagawanyika kwa p bila baki. Tisa sita zinagawanyika kwa saba, tisa kumi zinagawanyika kwa kumi na moja. Hii ni sura moja ya kanuni ambayo Mfaransa Pierre de Fermat aliitaja katika barua ya mwaka 1640 bila kuandika uthibitisho wake, na Leonhard Euler akachapisha uthibitisho katika karne iliyofuata. Sijui kanuni nyingine fupi kiasi hicho inayofika mbali namna hiyo katika elimu ya namba.

Turudi kwenye 142857 yenyewe, maana ina mengine ambayo huenda hukuyaona kwenye daftari lako. Ikate katikati, ujumlishe nusu zake: 142 na 857 ni 999. Ikate mafungu matatu: 14, 28 na 57 ni 99. Hili la nusu lilichapishwa mwaka 1836 na Mfaransa aliyeitwa E. Midy, na sababu yake unaweza kuiona mwenyewe kwenye ule mduara. Mabaki yanayotazamana, yaani yaliyo hatua tatu mbali, ni 1 na 6, 3 na 4, 2 na 5, na kila jozi ina jumla ya saba. Sasa moja ya saba na sita ya saba ni kitu kizima, kwa hiyo 142857 na 857142 zikijumlishwa lazima zitoe 999999. Lakini 857142 ni namba ileile iliyobadilishana nusu zake. Basi kila tarakimu na ile iliyo mkabala nayo lazima zijumlishwe kuwa tisa: 1 na 8, 4 na 5, 2 na 7. Anayelijua hili anahitaji kukumbuka 142 tu, kwa sababu tarakimu nyingine tatu zinapatikana kwa kutoa kila moja kutoka tisa.

Ipo njia nyingine ya kufika hapo ambayo mimi naipenda kwa uwazi wake. Zidisha 7 kwa 11, kisha kwa 13, na utapata 1001. Kwa kuwa 999,999 ni 999 mara 1001, ukiigawanya kwa saba unabaki na 999 mara 143. Yaani namba yako si kitu kingine ila 143,000 ukitoa 143. Toa mwenyewe uone: elfu inapungua moja na kuwa 142, na kilichobaki nyuma ni 1,000 kasoro 143, ambayo ni 857. Vigawo vyake tasa vinajitokeza hapohapo: 999 ni 27 mara 37, na 143 ni 11 mara 13, kwa hiyo 142857 ni 3 × 3 × 3 × 11 × 13 × 37. Saba yenyewe haimo. Namba iliyozaliwa na saba haigawanyiki kwa saba, bali inabakiza 1, kama milioni ilivyobakiza 1.

Baki hilo la 1 linaleta jambo jingine. Zidisha 142857 kwa yenyewe, na jibu ni 20,408,122,449. Likate, uache tarakimu sita upande wa kulia: upande wa kushoto ni 20408, wa kulia ni 122449, na jumla yake ni 142857 tena. Namba zenye tabia hii huitwa kwa jina la D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule wa mji wa Devlali nchini India, aliyeishi kuanzia mwaka 1905 hadi 1986 na kuchunguza namba kwa kalamu na karatasi katika wakati wake wa ziada. Sababu ni hii: kwa kuwa 142857 inabakiza 1 ikigawanywa kwa saba, 142856 inagawanyika kwa saba sawasawa, na kila fungu ni 20408. Kwa hiyo 142857 mara 142856 ni sawa na 999,999 mara 20408. Ongeza 142857 moja zaidi ili ukamilishe kipeo cha pili, na ugeuze 999,999 kuwa milioni kasoro moja. Utaona 20408 ikisimama upande wa mamilioni, na kilichobaki upande wa kulia ni 142857 toa 20408. Bila shaka basi zikijumlishwa zinarudi 142857.

Umeishia kuzidisha kwa nne, lakini unaweza kuzidisha kwa namba yoyote kubwa upendavyo isiyogawanyika kwa saba, na tabia hii haitapotea, mradi ujue namna ya kuitazama. Kanuni ni kukata jibu katika mafungu ya tarakimu sita kuanzia kulia, kisha kuyajumlisha. Zidisha kwa 8 upate 1,142,856. Toa ile 1 ya mbele uijumlishe na 142856, na hiyo ni 142857. Zidisha kwa 365, idadi ya siku za mwaka, upate 52,142,805. Jumlisha 52 na 142805, nayo ni 142857 tena. Hapa namba inakueleza jambo la kalenda. Hiyo 52 ni majuma ya mwaka, na jibu kurudi kwenye 142857 ile ya mwanzo, badala ya kwenda kwenye mlango mwingine, kunamaanisha kuwa 365 inabakiza siku moja baada ya majuma kamili. Ukizidisha kwa 366 unapata 52,285,662, ambayo inajumlishwa kuwa 285714, mlango wa mbili, kwa kuwa mwaka mrefu unabakiza siku mbili.

Kwa mfano, Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, siku ya Jumamosi. Mwaka 1962 tarehe hiyohiyo ikawa Jumapili, na mwaka 1963 ikawa Jumatatu. Sisi tunaotumia Kiswahili tunalo fungu la pekee hapa, kwa kuwa juma letu limehesabiwa katika majina yenyewe: mosi, pili, tatu. Lakini mwaka 1964 ulikuwa na tarehe 29 Februari, kwa hiyo sikukuu ikairuka Jumanne na kuangukia Jumatano. Anayehesabu siku za juma anahesabu mabaki ya saba, awe amejua au hakujua.

Utakutana na namba hii pengine ambako haikutarajiwa. Shuleni tulifundishwa kutumia 22/7 badala ya pai, na 22/7 ni 3.142857 ikijirudia. Pai yenyewe ni 3.14159 na kuendelea. Mwanafunzi anayetafuta mzingo wa sufuria yenye kipenyo cha sentimita 10 kwa 22/7 atapata 31.428571, na akiinakili yote atadhani amepata jibu la kina, ilhali kuanzia nafasi ya tatu baada ya nukta ya 22/7 tarakimu ni za saba, wala si za pai. Ningependa walimu wa hesabu walisisitize hili, maana kuandika desimali nyingi zisizo na ukweli ni kosa baya kuliko kuandika chache zilizo sahihi.

Nyingine ni mirathi. Katika sheria ya Kiislamu mafungu yaliyotajwa kwa warithi ni nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi, subui haimo. Hata hivyo chukua marehemu mwanamke aliyeacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, bila mtoto wala mzazi. Mume ana nusu na dada wana theluthi mbili, ambazo kwa pamoja ni sudusi saba, yaani zimezidi mali kwa sudusi moja. Wanazuoni wa Kisuni hupunguza mafungu yote kwa uwiano, mali ikahesabiwa kuwa sehemu saba: tatu za mume na nne za dada. Mali ikiwa ni shilingi 1,000,000, mume anapata 428,571, kila dada anapata 285,714, na shilingi moja inabaki. Ni mduara wenu uleule wa mashine ya kukoboa.

Kuhusu jamaa aliyekuambia kuwa hii ni namba ya siri ya kushinda michezo ya kubahatisha, nakusihi usimfuate. Kila sifa niliyoieleza hapa imetokana na kugawanya kwa saba, na kila moja unaweza kuihakiki kwa kalamu bila kumwamini mtu yeyote, mimi nikiwemo. Bahati nasibu iliyochezeshwa kwa haki haijui kuwa 142857 ni nzuri. Uwezekano wake kutokea ni sawa kabisa na wa 503916 au namba yoyote nyingine ya tarakimu sita. Tena uzuri wenyewe haukai katika saba peke yake. Umo katika kukutana kwa saba na desturi yetu ya kuhesabu kwa makumi. Laiti tungehesabu kwa nanenane, basi nane ingebakiza 1 kwa saba papo hapo, mduara ungekuwa wa hatua moja tu, na subui ingeandikwa 0.111 bila chochote cha kustaajabisha. Tungehesabu kwa dazeni, mduara ungerudi kuwa na hatua sita, lakini kwa mfuatano mwingine wa tarakimu. Sifa inayobadilika kwa sababu tumebadili namna ya kuandika haiwezi kubeba siri ya riziki ya mtu.

Limebaki swali la kama ipo nyingine. Zipo, ila kila moja huanza na sifuri, kwa sababu ukigawanya 1 kwa namba tasa inayozidi kumi, tarakimu ya kwanza baada ya nukta haiwezi kuwa nyingine. Kwa kuwa chini ya kumi ni saba pekee yenye mduara mmoja kamili, 142857 ndiyo namba ya aina hii ya pekee isiyohitaji sifuri mbele, ukiziacha zile za tarakimu moja ambazo hazina cha kuzungusha. Inayofuata inatoka kwa 17, nayo ni 0588235294117647, tarakimu kumi na sita. Ukiizidisha kwa 2 unapata 1176470588235294, ambayo ni ileile iliyoanzia mahali pengine. Baada yake zinakuja za 19, 23 na 29. Kati ya namba tasa 25 zilizo chini ya 100, zenye mduara mmoja kamili ni tisa: 7, 17, 19, 23, 29, 47, 59, 61 na 97.

Je, orodha hiyo ina mwisho? Hapa, ndugu yangu, swali lako limefika mahali ambapo hata wanahisabati wamesimama. Carl Friedrich Gauss alichunguza mizunguko ya desimali katika kitabu chake cha mwaka 1801. Mwaka 1927 Emil Artin alitoa dhana ambayo kutokana nayo namba tasa za aina hii hazina kikomo, na kwa hesabu ya kumi ni takriban 37 kati ya kila namba tasa 100. Christopher Hooley alionyesha mwaka 1967 kuwa dhana hiyo ni kweli iwapo dhana nyingine kubwa zaidi, ile ya Riemann kuhusu mpangilio wa namba tasa, katika umbo lake pana, ni kweli; lakini hiyo nayo haijathibitishwa. Kompyuta zimehesabu mbali sana na uwiano unaoonekana unalingana na alichosema Artin, lakini kuhesabu mbali si kuthibitisha, na mpaka leo hakuna mtu aliyeweza kuthibitisha kuwa orodha inayoanza na 7 na 17 haikomi. Nimefundisha jambo hili mara nyingi, na kila mara hunigusa kwamba swali linaloweza kuulizwa na mtu aliyegawa faida ya mashine linaufikia ukingo wa elimu yetu kwa hatua chache hivi.

Ukipata jioni tulivu, chukua karatasi ugawanye 1 kwa 17 kwa njia ndefu, ukiandika mabaki pembeni. Utaanza na 10, 15, 14, 4, 6, 9, 5, na baki la nane litakuwa 16. Hapo simama, kwa sababu uko nusu ya mduara, na tarakimu nane zilizobaki unaweza kuziandika kwa kutoa zile nane za kwanza kutoka tisa bila kugawanya tena. Na kama siku moja kikundi chenu kitakuwa na hisa 17 na faida ya shilingi 1,000,000, kila hisa itapata 58,823 na zitabaki shilingi 9, lile baki la sita katika orodha yako. Kwa kiasi kinachoandikwa 1 na kufuatiwa na sifuri tupu, kidogo kabisa cha kuwabakizia shilingi moja kama mwaka huu kingekuwa 1 yenye sifuri kumi na sita.